Jinsi ya kuunda kikosi cha Pokémon chenye uwiano kwa mapambano ya wawili wawili

Maswali ya wanaoanza ni yaleyale. "Nina Charizard wa levo 100, mbona napigwa?" "Nichague aina zipi sita ili niwe na kila kitu?" "Nimenakili kikosi cha bingwa, mbona mikononi mwangu hakifanyi kazi?" Yote matatu yana jibu moja. Kikosi hakijengwi kwa kukusanya wakali sita. Unaanza na mmoja, unauliza anamwogopa nani, kisha unamtafutia wenza wa kumlinda. Hapa chini tutajenga kikosi kimoja halisi kuanzia mwanzo hadi mwisho, ukifuata kila hatua utakuwa nacho mkononi.

Ninazungumzia VGC, mashindano rasmi ya Pokémon. Unakuja na sita, unaona sita wa mwenzako, kisha unachagua wanne wa kuingia nao. Uwanjani wanakuwa wawili kwa wawili. Wote wanahesabiwa levo ya 50, kwa hiyo levo 100 ya Charizard wako haikusaidii chochote. Huruhusiwi kuwa na wawili wa jamii moja, wala Pokémon wawili kushika kifaa kinachofanana.

Kabla ya kuanza, uwe na:

- Simu au kompyuta yenye kivinjari. Pokémon Showdown inachezwa bure humo, haihitaji Nintendo Switch wala kununua mchezo, na unaunda Pokémon yeyote papo hapo bila kumkamata au kumlea. Haili bando sana kwa sababu ni picha ndogo na maandishi.
- Jedwali la aina 18 za Pokémon. Lihifadhi kwenye simu. Hakuna anayelikariri siku ya kwanza.
- Kikokotoo cha maumivu cha Showdown, kinachokuonesha pigo fulani litaondoa asilimia ngapi ya uhai.
- Daftari na kalamu. Nasema kweli, daftari. Utaona kazi yake kwenye hatua ya tano na ya nane.

Majina ya mapigo, vifaa na uwezo nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, maana ndiyo utakayoyatafuta.

Hatua ya 1: Soma kanuni za msimu kwanza

Kanuni hubadilika. Msimu mmoja Pokémon wa hadithi wanaruhusiwa, msimu mwingine wamefungiwa. Ukijenga kabla ya kusoma, unaweza kumaliza kazi yote kisha Showdown ikakikataa kikosi. Mfano wetu unafuata Regulation H ya michezo ya Scarlet na Violet, iliyoanza Septemba 2024. Naipenda kwa kufundishia kwa sababu iliwaondoa Pokémon wa hadithi na wale wa Paradox, wakabaki wa kawaida. Msimu wako ukiwa mwingine, badilisha majina tu. Njia ni hii hii.

Hatua ya 2: Chagua mshambuliaji mmoja wa kujenga juu yake

Mmoja tu, si watatu. Sisi tunamchukua Gholdengo, wa aina ya Chuma na Mzuka. Pigo lake Make It Rain lina nguvu 120 na linawapiga wapinzani wote wawili kwa pamoja. Pigo linalosambaa hivyo hupungua hadi asilimia 75, ila 90 kwa kila mmoja bado ni kipigo kizito. Tena uwezo wake, Good as Gold, unazuia mapigo yote yasiyo ya kuumiza anayotupiwa: hawezi kulazwa usingizi kwa Spore wala kuunguzwa kwa Will-O-Wisp.

Sasa andika anachoogopa. Gholdengo ni dhaifu kwa Moto, Ardhi, Mzuka na Giza. Kasi yake ya msingi ni 84, hivyo wengi watamtangulia. Na kila akitumia Make It Rain, nguvu ya mapigo yake maalumu (mapigo ya kuumiza ni ya mwili au maalumu, kila kundi na takwimu yake) inashuka hatua moja, maana yake pigo la pili linapoteza theluthi. Mistari hiyo mitatu ndiyo ramani ya kikosi chote kilichobaki.

Onyo: usichague mshambuliaji kwa kuangalia takwimu peke yake. Mwaka 2014 huko Washington, D.C., Se Jun Park wa Korea Kusini alikuwa bingwa wa dunia akiwa na Pachirisu, kindi mdogo ambaye wengi walimwona pambo. Pachirisu alikuwa na Follow Me, anavuta mapigo yaje kwake wakati Gyarados pembeni anafanya uharibifu. Kazi yake ilijulikana, ndiyo maana alikuwa na nafasi.

Hatua ya 3: Mtafutie wenza wanaoziba udhaifu wake

Hapa ndipo kikosi kinapozaliwa, usiharakishe.

Chukua aina zile nne moja moja. Nani anastahimili Moto, Mzuka na Giza kwa pamoja? Incineroar, wa Moto na Giza, anazistahimili zote tatu. Akiingia uwanjani, Intimidate yake inawapunguzia wapinzani wote wawili theluthi ya nguvu ya mapigo ya mwili. Ana Fake Out, ambayo humshtua mpinzani akakosa zamu yake, na ana Parting Shot, inayomdhoofisha mpinzani mmoja huku yeye akitoka na mwingine akiingia mahali pake salama. Huyu ni kiungo mkabaji: hafungi magoli mengi, lakini akikosekana timu nzima inayumba.

Imebaki Ardhi, na Incineroar mwenyewe ni dhaifu kwa Ardhi. Tayari wawili wana tundu moja, kwa hiyo hili ni la dharura. Rillaboom wa Majani anastahimili Ardhi, na uwezo wake Grassy Surge unatandaza nyasi uwanjani, nyasi ambazo hukata maumivu ya Earthquake kwa nusu na kurudisha kidogo uhai wa waliosimama juu yake. Incineroar anaogopa Maji pia, Rillaboom anayastahimili. Juu ya nyasi hizo pigo lake Grassy Glide linatangulia mapigo ya kawaida hata kama mpinzani ana kasi zaidi.

Umeona mnyororo? Gholdengo anaziba kwa Incineroar, Incineroar anaziba kwa Rillaboom. Sasa Rillaboom naye ana hofu zake, Barafu, Sumu, Moto, Kuruka na Wadudu, na Gholdengo anastahimili au haguswi kabisa na zote isipokuwa Moto, ambao Incineroar anaubeba. Duara limefunga. Watatu wa namna hii, kila mmoja anayeweza kuingia badala ya mwenzake bila kuumia, ndio uti wa mgongo. Ukikosa duara hili, hata wakali sita hawatakusaidia.

Kosa la kawaida hapa ni kumweka mwenza kwa sababu "anapiga aina inayotuogopesha". Kupiga hakutoshi. Mwenza lazima aweze kuingia na kuchukua lile pigo.

Hatua ya 4: Amua nani anatangulia

Katika mapambano ya wawili wawili, anayepiga kwanza mara nyingi ndiye anayebaki. Njia kuu ni mbili. Tailwind inaongeza kasi ya upande wako mara mbili kwa zamu nne. Trick Room inageuza mpangilio, wenye kasi ndogo wanatangulia, kwa zamu tano. Zamu uliyotumia pigo imo ndani ya hesabu hiyo, jambo ambalo wengi hulisahau wakashangaa upepo umeisha mapema.

Watatu wetu wana kasi ya msingi 84, 60 na 85. Wawili ni wa kati, kwa hiyo Tailwind inatufaa. Mbebaji ni Whimsicott: uwezo wake Prankster unafanya mapigo yasiyo ya kuumiza yatangulie, hivyo Tailwind inatoka kabla ya karibu kila kitu, na Gholdengo aliye pembeni anafaidika zamu ileile. Good as Gold haimzuii kunufaika, kwa sababu upepo unaelekezwa upande wote, si kwake.

Tufanye hesabu tuhakikishe. Gholdengo mwenye pointi zote za mafunzo za kasi (tutazigawa hatua ya 7), bila tabia ya kuongeza kasi, ana 136 kwenye levo ya 50. Ndani ya Tailwind anakuwa na 272. Dragapult, mmoja wa wenye kasi zaidi msimu huo, anafika 213. Garchomp mwenye Choice Scarf, kifaa cha kuongeza kasi, anafika 253. Wote wawili wanasubiri. Hesabu ndogo kama hii ndiyo inayokuonesha kwamba mpango unasimama, badala ya kubahatisha.

Hatua ya 5: Jaza nafasi mbili za mwisho kwa kuhesabu

Toa daftari. Chora aina zote 18 upande mmoja, majina ya kikosi juu. Weka alama ya kujumlisha kwa anayestahimili au asiyeguswa, ya kutoa kwa aliye dhaifu. Kanuni yangu ni nyepesi: aina yenye alama tatu za kutoa inahitaji angalau mbili za kujumlisha. Ikipungukiwa, kuna mtu wa kutoka.

Wa tano tunamweka Dragonite, wa Joka na Kuruka. Ardhi haimgusi kabisa. Anastahimili Moto, Maji, Majani na Mapigano. Barafu inamuumiza mara nne, na Mwamba, Joka na Fairy mara mbili, lakini Gholdengo anazistahimili zote. Anatuletea pia Extreme Speed, pigo linalotangulia hata Grassy Glide.

Wa sita. Mtu atakwambia mweke Primarina wa Maji na Fairy, na ni Pokémon mzuri kweli. Ila angalia mstari wa Sumu kwenye daftari: Rillaboom dhaifu, Whimsicott dhaifu mara nne, Primarina dhaifu. Kutoa tatu, na upande wa kujumlisha yupo Gholdengo peke yake. Gholdengo akishaondoka, Sneasler mmoja mwenye mapigo ya Sumu anawavuna wengine kama mahindi. Basi tunamchukua Milotic, wa Maji tupu. Sumu haimzidi wala haimpungukii, Moto na Barafu anavistahimili, na uwezo wake Competitive unamwongezea nguvu ya mapigo maalumu mara mbili pale mpinzani anaposhusha takwimu yake yoyote. Maana yake Incineroar wa upande wa pili anafikiri mara mbili kabla ya kuingia na Intimidate.

Angalia mstari wa Moto: Gholdengo, Rillaboom na Whimsicott wanaumia, Incineroar, Dragonite na Milotic wanastahimili. Tatu kwa tatu. Barafu nayo hivyohivyo.

Kabla ya kuendelea hesabu kitu kingine, wanaopiga kwa mwili na wanaopiga kwa mapigo maalumu. Rillaboom, Dragonite na Incineroar ni wa mwili, Gholdengo, Milotic na Whimsicott ni maalumu. Kikosi cha wapiga mwili watupu kinamalizwa na Intimidate mbili mfululizo, na nimeona wanaoanza wengi wakilalamika bahati mbaya wakati tatizo ni hili.

Hatua ya 6: Mapigo na vifaa

- Gholdengo, Life Orb: Make It Rain, Shadow Ball, Nasty Plot, Protect
- Whimsicott, Focus Sash: Tailwind, Moonblast, Encore, Protect
- Incineroar, Sitrus Berry: Fake Out, Parting Shot, Flare Blitz, Knock Off
- Rillaboom, Assault Vest: Fake Out, Grassy Glide, Wood Hammer, U-turn
- Dragonite, Choice Band: Extreme Speed, Outrage, Stomping Tantrum, Ice Spinner
- Milotic, Leftovers: Muddy Water, Ice Beam, Recover, Protect

Protect ndilo pigo ambalo mgeni hulidharau na mzoefu hulitanguliza. Wapinzani wote wawili wakimlenga mmoja wako naye akajikinga, wamepoteza zamu mbili wakati mwenza wake amepiga bure. Kama Pokémon hana Assault Vest wala kifaa cha Choice, na huna sababu nzito, mpe Protect. Assault Vest inakataza mapigo yasiyo ya kuumiza, Protect ikiwemo, na Choice Band inakufunga kwenye pigo moja hadi utoke.

Tahadhari na mapigo yanayompiga mwenzako. Earthquake inamgonga kila aliye uwanjani, rafiki na adui. Ndiyo sababu Dragonite wetu ana Stomping Tantrum, inayomlenga mmoja, maana Gholdengo na Incineroar wote wanaogopa Ardhi.

Kuhusu Terastal, unaitumia mara moja tu kwa pambano, na inambadilisha Pokémon aina. Mpe Gholdengo aina ya Maji: hofu zake zote nne zinafutika kwa mkupuo. Dragonite mpe Kawaida, Extreme Speed ipate nguvu zaidi. Hawa wawili ndio watakaoitumia mara nyingi.

Hatua ya 7: Gawa pointi za mafunzo

Kwenye skrini zinaitwa EV. Una 510 kwa kila Pokémon, zisizidi 252 kwa takwimu moja. Kwenye levo ya 50 pointi 4 za kwanza zinaongeza moja, baada ya hapo kila 8 zinaongeza moja. Kwa hiyo andika 4, 12, 20 na kuendelea. Ukiandika 10, sita kati ya hizo zimepotea.

Kwa kuanzia usijitese. Gholdengo mpe 252 kwenye mapigo maalumu, 252 kwenye kasi, 4 kwenye uhai, na tabia ya Modest. Dragonite 252 kwenye mapigo ya mwili na 252 kwenye kasi, tabia ya Adamant. Incineroar na Milotic uhai kwanza, kisha ulinzi wa pande zote mbili. Whimsicott kasi na uhai. Rillaboom uhai na mapigo ya mwili. Ugawaji wa kina utakuja baada ya kikokotoo kukuonesha pigo gani unashindwa kulistahimili kwa kidogo tu.

Hatua ya 8: Andika mipango ya wanne

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wanaonakili vikosi vya mabingwa. Wanachukua sita, hawachukui mpango. Katika mechi rasmi una sekunde 90 za kuchagua wanne na sekunde 45 kwa kila zamu, ukiwa na dakika 7 tu za maamuzi yako yote katika mchezo mmoja. Hapo si mahali pa kuanza kufikiri.

Mpango wa kawaida: mbele Whimsicott na Gholdengo, nyuma Incineroar na Dragonite. Zamu ya kwanza Tailwind na Make It Rain. Incineroar anaingia kupokea pigo la Giza au Moto linalokuja, Dragonite anamalizia waliochoka.

Dhidi ya Trick Room: mbele Incineroar na Rillaboom, nyuma Gholdengo na Milotic. Fake Out mbili, mmoja kwa kila mpinzani. Kama mbebaji ni wa Mzuka, Fake Out haimgusi. Kama ni Farigiraf mwenye Armor Tail, mapigo yanayotangulia hayampati yeye wala mwenzake. Hapo mpige kwa nguvu, Knock Off na Wood Hammer, kisha Trick Room ikishawekwa, tumia Protect ya walio nyuma na kubadilishana ili kupoteza zamu zake.

Dhidi ya mvua ya Pelipper na Archaludon: Rillaboom anastahimili Maji na Umeme, lakini hawezi kumuumiza Archaludon, Majani yanamfikia robo tu. Mwandalie Dragonite na Stomping Tantrum. Incineroar abaki benchi, mvua inaua Moto wake.

Hatua ya 9: Cheza bila kubadilisha

Cheza mechi za kutosha hadi uwe umekutana na aina tofauti za vikosi, ndipo uguse kitu. Hifadhi marudio ya mechi ulizofungwa na uyatazame zamu kwa zamu. Ukibadilisha Pokémon kila unapopoteza, hutajua kama kosa lilikuwa la kikosi au la zamu ya tatu.

Ukikwama

*Whimsicott anakufa kabla ya Tailwind.* Amepigwa Fake Out, ambayo inatangulia zaidi ya Prankster. Ukiona Pokémon wa Fake Out upande wa pili, zamu ya kwanza tumia Protect kwa Whimsicott na upige na Gholdengo, ambaye Fake Out haimgusi kwa kuwa ni Mzuka. Tailwind itoke zamu ya pili.

*Encore yangu inashindwa.* Angalia kama uliyemlenga ni wa Giza. Mapigo yaliyosukumwa na Prankster hayawashiki wa Giza. Tailwind haina tatizo hilo.

*Fake Out na Extreme Speed zinakataliwa.* Kuna Psychic Terrain, inayowakinga waliosimama ardhini dhidi ya mapigo yanayotangulia. Mtoe Rillaboom na umrudishe, nyasi zake zitaifuta.

*Dragonite anagonga hewa.* Umefungwa kwenye Extreme Speed na mpinzani ameingiza Mzuka. Kabla ya kuchagua pigo kwa Choice Band, tazama sita wao: kama kuna Mzuka benchi, anza na Stomping Tantrum au subiri aonekane.

*Amoonguss ananilaza wote.* Spore haiwapati wa aina ya Majani, wala Gholdengo. Ingia na Rillaboom na Gholdengo, na umlenge Amoonguss kwa Make It Rain. Chuma hakina nguvu ya ziada kwake, kwa hiyo usitegemee kumwondoa kwa pigo moja. Akikuchosha mechi nyingi, mpe Incineroar kifaa cha Safety Goggles badala ya Sitrus Berry. Hatalazwa tena, na Rage Powder, pigo la Amoonguss la kuvuta mashambulizi yaje kwake, haitamvuta.

*Nashinda mchezo wa kwanza, napoteza miwili inayofuata.* Mpinzani ameusoma mpango wako wa kawaida. Kwenye mashindano makubwa orodha za vikosi huwa wazi, anajua hata vifaa vyako. Mchezo wa pili anza na Milotic na Rillaboom, Gholdengo mweke nyuma, na Tailwind uiache kabisa. Kama hujawahi kufanya mazoezi ya mchezo usio na Tailwind, anza nayo leo.